Okidi za Kichuguu cha Proscovia

Kundi letu la watembezi lina kanuni moja ambayo niliiandika mwenyewe, na ambayo wengi wa wenzangu wangependa ifutwe: hakiingizwi daftarini kiumbe chochote ambacho hakijaonwa na watu wawili, mchana, kwa umbali wa kuweza kukigusa. Kwa kanuni hiyo tumepoteza, kwa hesabu ya Nathan Bwire, vipepeo adimu kumi na mmoja na ndege mmoja ambaye huenda hajawahi kuwapo duniani. Bwire ndiye kiongozi wetu wa matembezi. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Masinya, mtu mwenye miguu mirefu na imani ndefu zaidi. Mimi ni mtunza daftari. Kwa miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi katika maabara ya saruji, nikivunja vipande vya zege ili kujua vingevunjika kwa uzito gani, na kazi hiyo haimfunzi mtu kushangilia mapema.

Jumamosi ya mwisho ya Machi tulikutana Masaba, upande wa Uganda wa mpaka, saa moja na nusu asubuhi, watu saba. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha siku kumi zilizotangulia na nyasi zilikuwa zimeanza kuamka. Tracy alikuwa amevuka mpaka kutoka Busia ya upande wa Kenya, ambako hutengeneza simu, akiwa na kamera yenye lenzi ya ukubwa wa chupa ya chai. Wengine walikuwa wauguzi wawili, mshonaji nguo na mchungaji mstaafu wa kanisa, watu wema ambao katika habari hii kazi yao ni kuwa mashahidi.

Hatukuwa tumetembea nusu saa Bwire aliposimama ghafla na kuinua mkono.

"Msisogee. Yule pale. Mweusi, mwenye madoa ya njano. Huyo sijamwona upande huu hata siku moja."

"Ulimwona Novemba," nikasema. "Nyumbani kwako."

"Yule alikuwa mwingine."

"Nyuma yake kuna mlimau. Viwavi wake hula majani ya mlimau. Wewe pia una mlimau."

Bwire aliutazama mlimau kama mtu aliyesalitiwa na jirani. Tracy alishusha kamera.

"Mzee Ofumbi, wewe huwa unafurahi kweli? Hata Krismasi?"

"Krismasi huwa nasoma."

Mbele kidogo, mahali ng'ombe wanapovuka kijito, vipepeo weupe wengi walikuwa wamejipanga juu ya tope, mabawa yamefumbwa, kama karatasi zilizochomekwa ardhini. Mchungaji alisema wana kiu. Nilimweleza kwamba maji hayako kwenye tope peke yake; wanachofuata ni chumvi ya mkojo wa ng'ombe, na kwamba wanaokunywa hivyo karibu wote ni madume.

"Umewaona kuwa ni madume?" Tracy akauliza, kwa sauti iliyofanana na yangu kupita kiasi.

Nilikiri kwamba nimesoma tu. Tulichuchumaa pale dakika ishirini tukiwachunguza, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kugundua kwamba sijui dume la kipepeo mweupe linatofautianaje na jike. Niliandika: *Weupe, takriban sitini, wanakunywa tope. Jinsia haikuthibitishwa.* Bwire alisoma juu ya bega langu, akaanza kutembea kabla sijafunga kalamu.

Safari ya siku ile ilikuwa na shabaha moja. Mwaka uliopita mshonaji alikwenda kununua kumbikumbi kwa mjane mmoja wa kijiji kile, akarudi akisema ameona maua ya zambarau, marefu kufika gotini, yamekizunguka kichuguu chake kama watu waliokuja kwenye mkutano. Bwire alitamka neno okidi papo hapo. Mimi nilitamka neno shahidi mmoja. Ripoti haikuingia daftarini, na mshonaji hakunisalimu hadi Agosti.

Mjane yule, Proscovia, tulimkuta akianika mihogo juu ya mwamba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, asiyeacha kazi kwa sababu ya wageni.

"Karibuni. Nyinyi ni watu wa ardhi?"

"Hapana, mama," Bwire akajibu. "Sisi ni watu wa maua."

"Watu wa maua." Alivitazama viatu vyetu vilivyojaa tope, kimoja kimoja. "Na mmetembea toka barabara kubwa, kwa miguu, sababu ya maua?"

"Na vipepeo," Bwire akaongeza, kana kwamba hilo lingesaidia.

"Basi mmefika kwa wakati. Angalieni leo. Jumatatu hakuna kitu."

Alitueleza huku akigeuza mihogo. Kichuguu alipewa na mama mkwe wake, Benedeta, mwaka alioolewa. Katika nchi ile vichuguu vina wenyewe kama vile kuku wana wenyewe, na haki ya kichuguu haiandikwi popote. Inaonekana kwa kazi: kila mwaka kabla ya mvua kubwa, mwenye kichuguu huondoa majani na kufanya duara safi kukizunguka, ili kumbikumbi wakitoka waonekane na wakamatwe. Anayesafisha ndiye mvunaji. Asiyesafisha miaka miwili amekiacha.

"Sasa shemeji yangu Okochi anasema ni yeye nasafisha, tangu bwana yangu afe. Miaka sita. Anasema mimi nakula tu. Jumatatu analeta watu wanavunja, wanafanya matofali ya nyumba ya kijana yake. Udongo ya kichuguu inatoa tofali nzuri, hiyo ni kweli. Mwenyekiti wa kijiji anakuja leo saa sita kusikiliza."

"Ukikikosa utakuwa umekosa nini hasa?" nikamuuliza. Bwire alinikanyaga mguu, lakini lilikuwa swali halali.

Proscovia aliacha mihogo kwa mara ya kwanza.

"Wewe mzee, kwenu mwezi wa nne, mahindi bado mabichi, mnakula nini?"

"Mimi ni mtu wa Iyolwa. Tunakula kumbikumbi."

"Basi usiniulize kama mtu wa Kampala. Na kitu ingine. Shamba ni ya ukoo. Ng'ombe ni ya ukoo. Hata hii nyumba, wakitaka, ni ya ukoo. Kichuguu nilipewa mimi, kwa jina langu, mbele ya wanawake wote. Hapa sina kingine."

Alitupa ruhusa ya kutazama, akarudi kwenye mihogo.

Kichuguu kilikuwa nyuma ya shamba la muhogo, kirefu kuliko Bwire, na kimezungukwa na duara la upana wa hatua mbili lililosafishwa majuma machache yaliyopita. Ndani ya duara hilo, si nje yake, zilisimama okidi. Nilizihesabu mara mbili: mashina ishirini na matatu yenye maua. Kila ua lilikuwa na kofia ya zambarau iliyoinamia koo la njano, na ndani ya koo mistari midogo myekundu kama ya kalamu. Majani yake yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza, membamba, yenye mikunjo kwa urefu kama karatasi iliyokunjwa ili kutengeneza feni. Nilipiga magoti na kioo cha kukuzia. Mashahidi walikuwa saba, mchana, kwa umbali wa kugusa. Niliandika okidi daftarini, kisha nikamgeukia mshonaji na kumwambia kwamba ripoti yake ya mwaka jana ilikuwa sahihi.

"Nilijua," akasema.

Swali lililonishughulisha halikuwa uzuri wa maua, ambao kila mtu alikuwa akiutangaza, bali mahali yalipoota. Kwa nini ndani ya duara tu? Nilikuwa nimezama katika swali hilo kiasi cha kutotazama Tracy alichokuwa akifanya. Upepo ulikuwa ukitikisa mashina na kumharibia picha. Alikata fito nne, akazichomeka ubavuni mwa kichuguu, akazipinda juu ya maua mawili na kutandaza kanga yake juu yake. Kwa Tracy, aliyezaliwa mjini na kuwajua kumbikumbi kwenye kikopo cha sokoni, hicho kilikuwa kibanda cha kuzuia upepo. Kwa mtu yeyote aliyekulia vijijini upande huu, mimi nikiwamo, fito zilizopindwa na nguo juu yake ni mtego wa kumbikumbi, na mtego juu ya kichuguu ni tangazo la umiliki. Nilipaswa kumwambia. Nilikuwa nikihesabu mistari kwenye koo la ua.

Okochi alitokea katikati ya muhogo na jembe begani, mwanamume mnene mwenye sauti inayotangulia mwili.

"Nani anajenga kwa kichuguu yangu?"

"Kujenga?" Tracy alishangaa. "Mzee, hii ni ya picha."

"Picha! Kumbikumbi wanapigwa picha? Nyinyi wa Kenya mmemaliza zenu, sasa mnavuka kukamata zetu?"

"Mzee, hata siziwezi. Zinanikwama kwa meno."

Muuguzi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Okochi alizing'oa fito mbili na kuzitupa. Proscovia alikuwa amekwisha kufika, unga wa mihogo mikononi.

"Shemeji, hawa ni wageni wangu. Mimi nimewapa ruhusa."

"Ruhusa ya kichuguu ya nani?"

"Ya Benedeta. Uliza kaburi yake."

"Kaburi haisafishi majani. Mimi nasafisha."

Mwenyekiti Oguttu, aliyekuwa njiani kuja, alisikia kelele na kuongeza mwendo wa baiskeli. Alikuwa mzee mkavu mwenye koti la suti na kandambili. Mchungaji alimpa kigoda chake cha kukunja, naye mwenyekiti akakijaribu kwa mkono kabla ya kukikalia. Nilimpenda kwa hilo.

"Nitauliza maneno mawili tu," akasema. "Okochi, wewe unasafisha namna gani?"

"Kwa jembe, mwenyekiti. Jembe hii. Kila Februari, miaka sita. Mimi si mwanamke wa kung'oa jani moja moja kama mtu natafuta chawa."

"Proscovia?"

"Kwa mkono. Mama mkwe alinikataza jembe. Alisema jembe inafunga milango ya kumbikumbi."

"Kuna mtu aliwaona? Mmoja wenu?"

Majirani watano au sita walikuwa wamekusanyika. Waliangalia muhogo. Okochi alikuwa ndugu yao wa ukoo na angekuwa jirani yao maisha yote. Proscovia alikuwa mke aliyeletwa kutoka mbali. Mwenyekiti alishusha pumzi.

"Neno kwa neno," akasema. "Mwanamume wa nyumba anasema, mwanamke anasema. Kama hakuna shahidi, mimi nitarudisha kitu kwa ukoo."

Uso wa Proscovia haukubadilika, ila alianza kujifuta unga mikononi, akaendelea kujifuta hata baada ya unga kwisha.

Ni hapo nilipopata jibu la swali langu, au nusu ya jibu, na nusu ya jibu ni kitu kinachoniwasha kuliko kukosa jibu kabisa. Niliomba ruhusa ya kusema. Mwenyekiti akauliza mimi ni nani.

"Ni mtu wa daftari," Bwire akamjibu. "Haamini kitu. Msikilize."

Nilimwomba Okochi apige jembe lake mara moja kwenye njia, kama anavyopiga akisafisha. Alipiga kwa fahari. Nilichukua rula na kupima shimo: sentimita kumi na moja. Nilimwita mwenyekiti aone namba mwenyewe. Kisha nikaeleza. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha zamani cha mimea kwamba okidi za ardhini za jamii ile huwa na viazi vidogo chini ya udongo, na kwamba kila mwaka mmea huongeza kiazi kimoja ubavuni mwa kile cha mwaka uliotangulia, hata vikawa mnyororo. Kama hilo ni kweli, jembe lililopita hapa mara sita lingekuwa limekatakata minyororo hiyo. Kama si kweli, nitakuwa nimepoteza dakika kumi za watu.

"Hujawahi kuona hiyo minyororo?" mwenyekiti akauliza.

"Sijawahi."

"Basi chimba."

Nilichimba kwa kijiko cha chai cha muuguzi na vidole, pembeni mwa shina moja, bila kuling'oa. Watu walikaribia mpaka nikakosa mwanga. Kwa kina cha vidole vitatu kikaonekana kiazi cheupe kilichovimba, kisha cha pili kikiwa kimekishikilia cha kwanza, cha tatu cha kahawia, cha nne kikiwa kimenywea. Nilipofika mwisho vilikuwa tisa, vimeshikana, havijakatika mahali popote, na kilichokuwa chini zaidi kilikuwa sentimita saba. Mwenyekiti alivihesabu kwa ncha ya unyasi. Mchungaji alivihesabu. Tracy alivipiga picha, nyingi kuliko zile za maua.

Hata hivyo mnyororo mmoja ni mnyororo mmoja. Nilichimba mwingine, upande wa pili wa duara: saba. Wa tatu: tisa tena. Kisha nikauliza kama Okochi ana kichuguu ambacho hakuna anayekigombania. Alikuwa nacho, kando ya njia, mwendo wa dakika mbili, na tulikwenda wote kama msafara wa mazishi. Duara lake lilikuwa limelimwa kwa jembe hadi udongo ukageuka. Nje ya duara, kwenye nyasi, zilisimama okidi nne. Ndani hapakuwa na hata moja. Nilipopekua udongo kwa kijiko nilipata kiazi kimoja kikavu, nusu, kimekatwa bapa kama kwa kisu.

"Aa," akasema mwenyekiti, na hiyo ilikuwa hotuba yake fupi zaidi hadi wakati huo.

Tuliporudi, alisimama mbele yangu.

"Kwa hiyo mtu wa daftari, huyu mama ndiye alisafisha."

Bwire alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayeona mlango umefunguliwa na kuomba nipite. Ingekuwa rahisi. Lakini sikuona mikono ya mtu, niliona viazi.

"Hapana," nikasema. "Ninachojua ni kwamba hapa jembe halijapita miaka saba au zaidi. Okochi amesema alitumia jembe, na hilo si kweli. Lakini mkono uliong'oa ni wa nani, mmea hausemi."

Bwire alifumba macho. Okochi alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia.

"Si ndiyo! Nilisahau tu kusema. Jembe ni huku kwingine. Hapa mimi nang'oa kwa mkono."

"Umesema wewe si mwanamke wa kutafuta chawa," mshonaji akamkumbusha.

"Ilikuwa maneno tu."

Majirani waliguna. Mwenyekiti alirudi kwenye kigoda na kukaa. Nilihisi macho ya kundi zima mgongoni mwangu na nikaanza kupiga hesabu, bila kutaka, ya ni miezi mingapi hawatanisalimu. Aliyesema alikuwa Proscovia, na hakusema kwa hasira.

"Mzee huyu amesema vizuri. Mkono hausemwi na maua. Basi tung'oe. Shemeji ang'oe upande huu, mimi upande ule. Majani yameota tena tangu Februari. Anayejua kazi ataonekana."

"Kung'oa majani nani hajui?" Okochi akacheka.

"Basi, shemeji. Karibu."

Mwenyekiti aligawa duara kwa kijiti. Alichagua kipande kisicho na maua, mahali nyasi changa zilikuwa zimerudi, nacho kilionekana kwa macho yangu kuwa nyasi tupu. Proscovia alikunja kanga na kuinama. Okochi aliweka jembe chini, akaweka kofia juu ya jembe, akainama pia, kwa kishindo.

Niliwatazama wote wawili kwa zamu. Okochi aling'oa kwa nguvu na kwa haraka, konzi kwa konzi, akitupa nyuma yake, akijenga lundo la kumfurahisha mtu anayetazama kutoka mbali. Proscovia aling'oa kwa mikono yote miwili bila kutazama chini; kichwa chake kilikuwa kimegeukia kwa mwenyekiti, akimwuliza habari za mke wake aliyekuwa na uvimbe wa mguu. Vidole vyake vilipita, vikachukua, vikaruka, vikachukua. Nilisogea karibu kuona vilikuwa vikiruka nini. Nyuma yake, kwenye udongo uliobaki mtupu, yalisimama majani machanga kama kumi na mawili, urefu wa kidole, membamba, yenye mikunjo kwa urefu. Katikati ya nyasi sikuwa nimeyaona hata moja.

Nilikwenda kwenye lundo la Okochi, nikapiga magoti na kulipekua. Jani lenye mikunjo la kwanza lilikuwa juu kabisa. La pili lilikuwa limetoka na kiazi chake, cheupe, kimoja, kimekatika kwa wenzake. Niliyapanga yote juu ya ukurasa wa daftari: tisa. Katika kipande chake hakikubaki hata moja.

Nilimpelekea mwenyekiti daftari likiwa wazi, majani juu yake, nikamwonyesha kipande cha Proscovia, kisha cha Okochi. Sikuwa na haja ya kueleza. Mwenyekiti aliokota jani moja, akapitisha ukucha juu ya mikunjo yake, akamtazama Proscovia.

"Hizi kwa nini unaziacha?"

"Mama mkwe alisema. Jani ya mikunjo usiguse, kumbikumbi wanatoka karibu nayo. Ukiing'oa wanahama. Mwaka wa kwanza niling'oa moja, akanipiga kwa mkono hapa." Aligusa kiganja. "Tangu siku hiyo kidole chenyewe kinajua."

"Na maua?"

"Maua yanakuja tu. Mimi sikuwa na haja na maua."

Okochi alikuwa bado ameinama, konzi la nyasi mkononi. Aliliangalia konzi lile. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyehitaji matofali na aliyeamini kwamba kazi isiyopiga kelele haikufanywa.

"Okochi," mwenyekiti akasema, "miaka sita umeng'oa hapa, na leo ndiyo siku ya kwanza umekutana na hii jani?"

Okochi aliziachia nyasi zianguke. Alisimama, akavaa kofia.

"Kichuguu ni ya Proscovia, vile Benedeta alisema," mwenyekiti akatamka, akigeukia majirani ili asikiwe na wote. "Jumatatu hakuna mtu anakuja hapa na jembe. Tofali utatoa kwa kichuguu yako ile ingine, iko na udongo. Na hizi umeng'oa, rudisha ndani ya ardhi kabla ya kwenda."

"Mimi nipande maua?"

"Wewe upande maua."

Na alipanda, tisa, chini ya usimamizi wa Bwire, ambaye alimwelekeza kina, umbali na upande wa jua kwa upole usiovumilika. Okochi alifanya yote. Alipomaliza alimwambia Proscovia, bila kumtazama, "Shemeji, wakitoka utanitumia kidogo?"

"Nimewahi kukunyima?"

"Hapana."

"Basi nenda ukaoge."

Wenzangu walikuwa tayari kuondoka. Bwire alikuwa amekwisha kuona kitu cha bluu kando ya kijito na miguu yake ilikuwa ikimtangulia. Mimi nilibaki nyuma. Kulikuwa na jambo ambalo halikuwa limekwisha. Nilimwambia Proscovia kwamba sidhani kumbikumbi wanajali jani la mikunjo. Mchwa hufungua milango yao kwa sababu ya unyevu na joto la udongo. Inawezekana tu kwamba mahali pasipopigwa jembe panawafaa wote wawili, okidi na mchwa, na mama mkwe wake aliviona pamoja akavifunga pamoja.

"Lakini hujui," akasema.

"Sijui."

"Wewe ulishawahi kuhesabu milango?"

"Hapana."

"Mimi nilihesabu. Njoo wakitoka, uhesabu na wewe. Utaandika kama Benedeta alisema kweli?"

"Nitaandika namba."

Alinitazama kwa muda, kama alivyotazama viatu vyetu asubuhi.

"Namba zinatosha," akasema. "Watatoka mvua ikinyesha usiku, kesho yake jua likiwaka sana. Siwezi kukupigia simu; ukiona hivyo, utakuja tu."

Nilifungua daftari na kuandika, chini ya okidi ishirini na tatu: *Kichuguu cha Proscovia, Masaba. Ruhusa yake. Majani mengine tisa yamepandwa upya. Hali yao haijulikani. Kuhesabu matundu ya kumbikumbi, yaliyo ndani ya hatua moja ya okidi na yasiyo ndani.* Kisha nikampa daftari atie sahihi mahali pa shahidi wa pili. Aliandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa, likavuka mstari na kuingia kwenye safu ya tarehe. Sikulifuta.

Tracy alikuwa akikusanya fito zake zilizotupwa, ameona haya. Proscovia alimzuia.

"Wacha hapo, binti. Hizo fito ni nzuri, umezipinda kama mtu wa hapa. Nitazitumia. Kanga yako chukua."

Tracy alichukua kanga, akaikung'uta udongo, kisha akasita na kuirudisha juu ya fito.

"Nitaifuata siku hiyo, mama. Nitakuja na huyu mzee, nimshikie rula."